Feni ya Mjomba

Mjomba wangu alinipokea kwenye karakana yake ya Temeke kwa moyo mkunjufu. Alinivutia kiti, akaniagizia chai na chapati kwa mama wa jirani, kisha akachukua feni yake ya mezani, akaiweka juu ya pipa na kuigeuza inipulize. "Kaa hapa mpwa wangu, upate upepo," akasema. Feni hiyo sijamsamehe mpaka leo. Ndugu zangu wakisikia kwamba nina kinyongo na kaka wa marehemu mama kwa sababu ya feni, wanaangua kicheko. Wacheke tu. Hawaijui kazi ya kuchomelea, na siku zile hawakuwepo.

Nilikuwa nimemfuata anifundishe TIG. Kuchomelea kwa kawaida, kule kwa vijiti na cheche, nilikuwa nakujua kutoka chuo cha ufundi, na grili ya dirisha niliyoitengeneza mimi ilikuwa haidondoki. Lakini grili kila mtu anatengeneza. Ukitembea kutoka Temeke mpaka Buguruni unapishana na mafundi wa grili na mageti kama unavyopishana na wauza mihogo. Mimi nilitaka stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Nilitaka zile reli za ngazi zinazong'aa, masinki ya hoteli, meza za jikoni ambazo ukipitisha kitambaa hakikwami mahali. Stenlesi nyembamba haitaki fujo ya vijiti, itatoboka. Inataka TIG: mkono mmoja umeshika tochi yenye ncha ya tangsteni, mkono wa pili unalisha waya taratibu, na gesi ya agoni inatoka kwenye tochi kimya kimya kufunika pale panapoyeyuka ili hewa isipaguse.

Mjomba ndiye aliyekuwa na mashine hiyo mtaani kwetu, na kazi yake ilikuwa safi. Hilo simnyimi. Mshono wake ulitoka na magamba madogo yaliyopangana, rangi ya dhahabu. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba moto wake ulikuwa na tabia ya kuyumba mwanzoni, kushoto kulia, kabla haujatulia. Yeye alikuwa akisingizia umeme.

Kufundisha alikuwa hafundishi. Alikuwa anakuacha uangalie, lakini akishaanza kazi anakugeuzia mgongo, na mgongo wake ulikuwa mpana. Akimaliza, kabla hata hajavua helmeti, anarudisha vitufe vyote vya mashine kwenye sifuri. Anafunga na saa ya gesi. Ukitaka kujua alichomea kwa moto kiasi gani, huna pa kusoma. Mafundi wengi wa rika lake wana mtindo huo, wanaona ukishajua vipimo vyao umeshawaibia wateja. Nikimuuliza, anacheka. "Sie tulijifunza kwa kupigwa na koleo," ananiambia. "Nyie mnapewa mpaka feni."

Na kweli, feni nilipewa. Karakana ile ilikuwa bati juu, bati pembeni, na mchana ukisimama ndani unajisikia umeingizwa kwenye sufuria. Kila nilipokaa kwenye meza kufanya mazoezi ya vipande, mjomba alikuwa akiivuta feni mwenyewe na kunigeuzia. Zamu yake ikifika, anaizima. "Mie feni inanipa mafua," anasema, na kupenga kidogo. Na mimi, mpwa mwema, nilikuwa natoka mbio kwenda kumtafutia chai ya tangawizi.

Vipande vyangu vilitoka vyeusi. Nikipunguza moto, vyeusi. Nikiongeza, vyeusi na matundu juu, kama ndani ya mkate. Tangsteni iliungua ikawa na kichwa kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kazi. Nilibadilisha mkao, nikabadilisha mkono, nikabana pumzi mpaka kizunguzungu. Mjomba alikuwa akija, anakiinua kipande kwa koleo, anakitazama kwa masikitiko, kisha anakitoboa tundu na kukitundika kwenye waya pale mlangoni, upande wa barabara. "Njooni muone maandazi ya mpwa wangu!" anaita. "Yameungua, lakini kayapika kwa mapenzi!" Watu wa bodaboda wanacheka, wateja wanacheka. Waya ule ulijaa.

Siku moja mteja mmoja mama alimuuliza kama na mimi naweza kuchomea sinki lake. Mjomba akajibu mbele yangu, kwa sauti ya huruma, "Huyu mkono wake haukuumbiwa TIG. Msasa anaweza. Rangi pia anapaka vizuri." Kuanzia hapo nikawa mtu wa msasa na rangi. Lililoniuma ni kwamba nilimwamini. Nilikuwa naiangalia mikono yangu nikiwa nakula, nikiwa nafua, natafuta kilichopungua ni nini. Mama alifariki akijua mtoto wake anasomeshwa kazi na kaka yake, na mimi nikaona nimemwangusha.

Idd ilipofika, ukoo ulikusanyika Buguruni kwa bibi. Pilau limeshaliwa, watu wamejinyoosha kwenye mikeka, mjomba akatoa kitu mfukoni kimefungwa gazeti. Ni kipande changu, kile kibaya kuliko vyote. Akakizungusha kwa wajomba, kwa mama wakubwa na wadogo, kwa watoto. Kila mmoja alikishika na kusema lake. Bibi, ambaye haoni vizuri, alikinusa. Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ungefanyaje? Kilipofika kwangu sikukirudisha. Nilikiweka kwenye mkoba, nikaaga kwa adabu zote, na kwenye karakana ya Temeke sikukanyaga tena.

Nilipata kibarua Kurasini, kwenye yadi ya makontena. Kazi yangu ilikuwa kupiga grenda, kusawazisha milango iliyogongwa na malori. Kwenye kona ya yadi kulikuwa na kibanda cha fundi mmoja wa Kusini, mnene, aliyekuwa akitengeneza matangi ya stenlesi. Jamaa yule alikuwa na sifa ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: alikuwa hawezi kunyamaza. Alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na katika kujisifu alimwaga kila alichokijua. Kuficha ujuzi kungemlazimu afunge mdomo, na hilo lilikuwa nje ya uwezo wake.

"We' sista, unajua kuchoma?" aliniuliza wakati wa chakula.

"Vijiti najua. TIG imenishinda."

"Imekushindaje? Hebu kaa hapo nione."

Nikakaa. Nikavaa helmeti, nikashika tochi na waya. Halafu, kwa mazoea tu, nikanyoosha mguu, nikaivuta feni ya jamaa iliyokuwa pembeni na kuielekeza kwangu.

"Weee! Unafanya nini?" Alirusha sahani ya wali. "Unaipuliza gesi yangu!"

"Joto, kaka."

"Joto ndo ukae nalo! Agoni inatoka polepole, inafunika pale pakiyeyuka. Ukishaiwashia feni imeondoka yote, unabaki unachoma na hewa. Chuma kinakuwa cheusi tii, matundu juu. Hata lori likipita karibu mie nashusha turubai. We' nani kakufundisha na feni?"

Niliuliza mimi: "Hivi fundi wa TIG anaweza asijue hilo?"

"Fundi wa wapi huyo? Hilo unaambiwa siku ya kwanza, kabla hujaonyeshwa hata choo kiko wapi."

Nilivua helmeti nikatoka nje, nikasimama katikati ya makontena mawili ambako hakuna anayeniona. Nikakumbuka mafua. Nikakumbuka alivyokuwa akipenga. Nikakumbuka vikombe vya tangawizi nilivyombebea kwenye jua, navifunika kwa kiganja visiingie vumbi. Kila asubuhi mtu yule alikuwa akiamka, anafungua karakana, ananiwashia feni, kisha anakaa kungoja andazi lake litoke. Sikulia. Nilimtukana kaka wa mama yangu kwa matusi ambayo sikujua kama nayajua. Nilipoishiwa matusi nikaapa. Ipo siku mtu wa damu yake atakaa mbele yangu na tochi mkononi, na mimi nitamgeuzia feni.

Nikarudi kibandani, nikashusha turubai, nikajifunza.

Watu wanasema hasira inatetemesha mkono. Wangu iliutuliza. Jamaa wa Kusini alinianzisha bila waya kabisa: washa moto, subiri kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka kitokee, kisha kisukume taratibu kuelekea mbele, basi. "Usiangalie mwanga," alikuwa akinipigia kelele, "mwanga hauna habari. Angalia kidimbwi!" Nilikisukuma kidimbwi kwenye vipande vya bati wiki nzima nzima, na kila kimoja kilikuwa mjomba ninayemsukuma kuelekea mahali. Baadaye akaniongezea waya. Chovya kwenye kidimbwi, toa, sogea, chovya tena, na usiitoe ncha ya waya mbali mpaka ikatoka kwenye gesi, itaungua. Shida ikawa vidole, kulisha waya bila kusogeza mkono. Akaniambia nifanyie mazoezi nyumbani kwa chelewa. Basi nikachomoa chelewa kwenye ufagio, na kila nilipokaa kutazama tamthilia nilikuwa naipitisha kati ya vidole, inasonga mbele kidogo kidogo, huku moyoni napanga maneno nitakayomwambia mjomba. Ufagio ule uliisha. Maneno hayakuisha.

Nilifanya makosa yote. Niligusisha tangsteni kwenye kidimbwi, ikachafuka, ikabidi niinoe upya, tena na tena. Nikimaliza mshono nilikuwa naiondoa tochi haraka, kama tulivyozoea kwenye vijiti, na mwisho wa mshono unapasuka. "Subiri!" anafoka. "Moto umezima lakini gesi bado inatoka. Iache ipapoze hapo. Una haraka ya kwenda wapi?" Mara moja niliinua helmeti kabla ya wakati, na jioni macho yakajaa mchanga usioonekana. Nililala na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, na hata hapo nilikuwa nampangia.

Ilikuwa katika kunoa ndipo nilipopata zawadi ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nanoa tangsteni kama nilivyomwona mjomba akinoa, nimeilaza sambamba na jiwe la grenda na kuizungusha kama penseli kwenye kichongeo. Jamaa akaninyang'anya. "Ukiinoa kwa kuizungusha unaiachia mikwaruzo ya mviringo, moto unakosa njia, unayumba kushoto kulia. Inoe kwa urefu, mikwaruzo ielekee kwenye ncha." Niliinoa kwa urefu. Moto ukasimama wima, umetulia tuli. Nikacheka mpaka jamaa akaogopa. Kumbe umeme wa Temeke ulikuwa unasingiziwa bure. Kipo kitu ambacho mjomba, pamoja na mgongo wake wote, alikuwa hakijui.

Mshono wangu wa kwanza wa dhahabu sikumwonyesha mtu. Niliupapasa ulipopoa, nikauweka kwenye mkoba pamoja na lile andazi jeusi la Idd, nikaondoka Kurasini kwa wakati wangu.

Leo karakana yangu iko Kinyerezi. Watu wanajenga huku kila siku, nyumba za ghorofa zinaota, na kila ghorofa linataka ngazi, na kila ngazi inataka reli. Andazi langu nililitundika ukutani juu ya meza. Wateja wakiuliza nawaambia ni la kumbukumbu. Habari za mjomba zilikuwa zinanifikia: macho yamemsumbua, wateja wamepungua, mashine kaifunika gunia. Nilipaswa kusikitika. Nilifurahi. Nilifurahi siku ile, na nilipoamka kesho yake nikakumbuka na kufurahi tena.

Halafu asubuhi moja akaja mwenyewe. Kavaa miwani nyeusi, kashikwa mkono na binti yake wa mwisho, ambaye mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anakimbiza kuku kwa bibi.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. Heshima nilikuwa sijaisahau, na nilitaka alijue hilo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni."

Hakuketi. Alienda kwenye reli niliyokuwa nimeimaliza jana yake, akaitafuta kwa mkono, akapitisha kidole kwenye mshono mmoja mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akapitisha tena. "Nani kachoma hii?"

"Mie."

Akatikisa kichwa, sikujua kwa nini. Akaendelea kupapasa, meza, ukuta, mpaka mkono ukakutana na kile kilichotundikwa. Kidole kikaingia kwenye matundu, kimoja kimoja. Aliyajua. Mtu hawezi kukizungusha kitu ukoo mzima halafu asikijue. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Macho yamekataa," alisema. "Huyu mdogo wako ndo kashikilia anataka TIG, na mie kumwonyesha siwezi tena. Nimekuja kukuomba."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka. Nilikuwa na hotuba yake, nimeifanyia mazoezi kwa ufagio mzima. Lakini macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye kona, kwenye feni ambayo huwa naiwasha wakati wa kupaka rangi tu. Kwa nini niseme, wakati naweza kutenda? "Mwache tu, mjomba," nikamjibu kwa upole mpaka nikajishangaa. "Huyu ni damu yetu."

Akashukuru. Mlangoni alimvuta binti yake pembeni, akamnong'oneza jambo. Nikadhani anamwambia awe na adabu.

Alipoondoka nikamvutia binti kiti. Nikamwagizia chai na chapati. Nikampa helmeti, tochi, tangsteni mpya ainoe mwenyewe, vipande vya stenlesi vipya kabisa. Kisha nikaichukua feni, nikaiweka juu ya stuli na kumgeuzia. "Kaa hapa mdogo wangu," nikasema, "upate upepo." Ulimi wangu uliyatamka maneno yale kama unalamba asali. Nikaenda upande wa pili nikajifanya napima bomba. Kipande cha waya wa kutundikia nilikuwa nimeshakikata, kiko mfukoni. Nilishachagua na mahali, pale mlangoni, upande wa barabara. Na Idd haikuwa mbali.

Nikasikia feni inazimwa.

Nikageuka. Binti alikuwa ameinuka, kachomoa waya wa feni kwenye soketi, anauzungusha vizuri ili usikanyagwe.

"Mbona umezima? Husikii joto?"

"Nasikia, dada." Alikuwa anatazama chini. "Ila baba kasema ukiniwashia feni nizime tu. Kasema nisikuulize kitu na nisikasirike."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema una haki."

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi. Kile alichoninyima mimi msimu mzima kamwambia mwanawe kwa mnong'ono mmoja mlangoni. Na alipokuwa akinitazama kwa miwani ile nyeusi, akiniomba kwa unyenyekevu, alikuwa tayari ameshaiona feni yangu bila macho. Hata kisasi changu alinipa yeye, kwa ruhusa, kama alivyonipa kiti. Mkono ulikuwa bado mfukoni umekamata kile kipande cha waya. Nilitamani nimfukuze yule binti, amrudie baba yake akamwambie nimekataa.

Yeye alikuwa ameshainoa tangsteni yake kwenye grenda, amekaa. Jasho limeanza kumtiririka shingoni, hajali. Akashusha helmeti, akawasha. Moto ukatoka unayumba, kushoto kulia, kushoto kulia. Akazima, akawasha tena, bado unayumba.

"Umeme, nadhani," akasema ndani ya helmeti.

Nikainuka. Nikaichukua tochi mkononi mwake, nikaichomoa tangsteni na kuipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Mikwaruzo ilikuwa imezunguka, ya mviringo, kama penseli iliyotoka kwenye kichongeo.

"Nani kakufundisha kunoa hivi?"

"Baba."

Nikaitazama ncha ile muda mrefu. Ningeweza kuirudisha kama ilivyo na kunyamaza, na moto wa binti yule ungeyumba mpaka uzee wake. Badala yake nikawasha grenda, nikamsimamisha kando yangu, sio nyuma ya mgongo wangu, nikamshika kiganja.

"Tunanoa kwa urefu," nikamwambia. "Na leo ukifika nyumbani, mwambie baba yako umeme haukuwa na kosa."